Kisima kimoja, bidhaa tatu: uchambuzi wa kisa cha jotoardhi karibu na Strasbourg

Kuhusu kisa hiki

Mradi unaozungumziwa hapa ulichorongwa Alsace, mashariki mwa Ufaransa, na ukafungwa kwa amri ya serikali mwishoni mwa 2020. Majina ya kampuni, ya wahandisi na ya wenye nyumba nimeyaacha. Strasbourg naitaja, maana bila ramani kisa hakieleweki: karibu kila uamuzi uliofanyika unahusu umbali kati ya kisima na watu.

Nimekichagua kwa sababu miradi ya aina hii inazidi kupendekezwa. Ahadi yake inavutia. Unavuta maji ya moto kutoka chini, unapasha mji joto wakati wa baridi, unazalisha umeme kidogo, kisha unachuja lithiamu ya betri kabla ya kuyarudisha maji yalikotoka. Ahadi hiyo si ya uongo. Tatizo ni kwamba kila moja ya bidhaa hizo tatu inataka kisima kikae mahali pake.

Usuli: ufa wenye maji ya chumvi

Bonde la juu la mto Rhine ni bonde la ufa, dogo kuliko letu na kimya zaidi. Linaanzia Basel, Uswisi, na kwenda kaskazini takriban kilomita 300 hadi maeneo ya Frankfurt, milima ya Vosges ikiwa upande wa Ufaransa na Msitu Mweusi upande wa Ujerumani. Msomaji anayeijua Olkaria, eneo la jotoardhi nchini Kenya, asahau kwanza ile picha ya mvuke unaofuka ardhini. Kule Rhine hakuna volkano hai. Kuna maji mazito ya chumvi yanayozunguka ndani ya nyufa za graniti, chini ya tabaka nene la miamba ya mashapo, na yanapopanda kupitia mipasuko hiyo hubeba joto.

Lita moja ya maji hayo ina karibu gramu 100 za chumvi, yaani takriban mara tatu ya maji ya bahari. Ndani yake mna lithiamu ya miligramu 150 hadi 200. Ni kiasi kidogo ukikitazama ndani ya chupa, lakini pampu ya jotoardhi haifanyi kazi kwa chupa. Chukua mfano wa kisima kinachotoa lita 80 kwa sekunde zenye miligramu 180 kwa lita. Kwa siku moja inapita zaidi ya tani 1.2 za lithiamu, na kwa mwaka tani 450 hivi. Ukifanikiwa kunasa asilimia 80 na kuigeuza kuwa kaboneti ya lithiamu, unapata karibu tani 1,900. Hesabu hii ndiyo iliyobadilisha mazungumzo ya jotoardhi huko, kwa sababu maji yale yale yaliyokuwa yakirudishwa chini bila kuguswa yameanza kuonekana kama mgodi.

Kabla ya mradi wetu palikuwa na mifano miwili jirani, yote kaskazini mwa Alsace. Wa kwanza ni Soultz-sous-Forêts, ambako utafiti ulianza mwaka 1987 na visima vikafika kina cha kilomita 5, kwenye nyuzi 200 hivi za Selsiasi. Wa pili ni Rittershoffen, uliozinduliwa 2016. Visima vyake viwili havizidi sana kilomita 2.5, maji yanatoka yakiwa na nyuzi karibu 170, na joto la megawati 24 linapelekwa kwa bomba la kilomita 15 hadi kiwanda cha wanga mjini Beinheim.

Linganisha tarakimu hizo. Kina kinaongezeka maradufu, joto linaongezeka kwa nyuzi 30 tu. Sababu ni kwamba sehemu ya juu ya graniti, ile iliyopasuka na kuoza kidogo, ina maji yanayozunguka, na mzunguko huo unasawazisha joto kati ya chini na juu. Ukishuka zaidi unaingia kwenye graniti ngumu, yenye nyufa chache, ambayo haipitishi maji kwa hiari. Hapo ndipo wahandisi huanza kusukuma maji kwa shinikizo ili nyufa zifunguke.

Kilichopangwa

Mwendeshaji wa mradi alipata eneo la kilichokuwa kiwanda cha kusafisha mafuta, kaskazini kidogo ya Strasbourg. Kama eneo la viwanda lilikuwa zuri: barabara zipo, ardhi ilishatumika, na hakuna shamba la mtu lililoguswa. Mradi mwingine uliopendekezwa karibu na matangi ya mafuta ya bandari ya mji ulipingwa vikali na wakazi, na haukujengwa. Huu wa kiwanda cha zamani ulipita.

Mpango ulikuwa visima viwili vya karibu kilomita 5. Kimoja kitoe maji ya moto, cha pili kiyapokee yakishapoa. Juu ya ardhi, umeme uuzwe kwa bei nono iliyohakikishwa na serikali, joto liingie kwenye mtandao wa mabomba ya kupasha nyumba, na baadaye lithiamu ichujwe. Uchorongaji ulianza 2017.

Kwa nini kilomita 5, kama Rittershoffen waliridhika na nusu yake? Kwa haki ya mwendeshaji, jibu si tamaa peke yake. Paa la graniti halilali bapa. Kaskazini liko karibu: Soultz unalikuta kwenye mita 1,400, Rittershoffen kwenye mita 2,200. Ukikaribia Strasbourg linazama chini zaidi. Aliyetaka kufika kwenye mpasuko wenye maji kati ya mashapo na graniti, akiwa mlangoni mwa mji mkubwa, hakuwa na njia fupi. Lakini kushuka huko kulikuwa pia na faida ya kibiashara, kwani umeme unataka maji ya moto kabisa, wakati nyumba zinatosheka na nyuzi 90 au pungufu.

Mfululizo wa matukio

Visima vilikamilika, vikaanza kujaribiwa mwaka 2019. Novemba 12, 2019, mchana, wakazi wa vitongoji vya kaskazini mwa Strasbourg wakasikia ardhi ikitikisika. Tetemeko lilikuwa la ukubwa wa takriban 3. Hakuna aliyeumia. Jambo la kushangaza lilikuwa mahali: kiini chake kilikuwa karibu kilomita 5 kusini mwa visima.

Mwendeshaji akasema tetemeko si lake, kwani umbali ni mkubwa mno. Hoja haikuwa ya kipuuzi. Matetemeko yanayochochewa na visima kwa kawaida huzuka mita mamia kutoka kwenye ncha ya kisima, na bonde la Rhine lina matetemeko yake ya asili. Wataalamu walioulizwa hawakuweza kuthibitisha wala kukanusha. Majaribio yakasimama, data ikachunguzwa, na mwaka 2020 yakaruhusiwa kuendelea.

Vuli ya 2020 ardhi ikaanza tena, safari hii karibu na visima vyenyewe. Mitetemo midogo iliongezeka kwa wiki kadhaa. Desemba 4, 2020, saa 1 kasoro dakika moja asubuhi, likaja tetemeko la ukubwa wa karibu 3.6, lililowaamsha watu pande zote mbili za mto. Kuta zikapata nyufa, plasta ikadondoka. Siku tatu baadaye mwakilishi wa serikali kuu katika mkoa akaamuru kazi isimame moja kwa moja.

Kusimama kwa kazi hakukusimamisha matetemeko. Januari 2021 lilitokea jingine lililozidi ukubwa wa 3. Kisha Juni 26, 2021, saa 11 alfajiri, likaja kubwa kuliko yote, la 3.9. Kwa nishati, hilo ni karibu mara tatu ya lile la Desemba. Pampu zilikuwa zimezimwa zaidi ya nusu mwaka.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza unaostahili kuchunguzwa ni wa 2019. Swali lililowekwa mezani lilikuwa: je, imethibitishwa kwamba tetemeko limetoka kwenye kisima? Jibu likawa hapana, na hapana hiyo ikatumika kama ruhusa. Lingeulizwa kinyume chake, yaani kama imethibitishwa kwamba halikutoka kwenye kisima, jibu lingekuwa hapana vilevile, lakini hatua ingekuwa tofauti kabisa. Ushahidi ni ule ule. Kilichoamua ni nani alibebeshwa mzigo wa kuthibitisha.

Ngʼambo ya mto mzigo huo uko upande mwingine. Sheria ya madini ya Ujerumani ina dhana kwamba uharibifu unaotokea ndani ya eneo la uathirikaji wa mgodi umesababishwa na mgodi, mpaka mwenye mgodi aonyeshe vinginevyo, na tangu 2016 imepanuliwa kugusa uchimbaji kwa visima. Sisemi Wajerumani hawana matetemeko yao. Landau walitikiswa na la 2.7 mwaka 2009. Ila mwendeshaji anayejua kwamba yeye ndiye atakayejieleza hununua vipimo vingi zaidi kabla ya kugusa pampu.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutegemea mfumo unaofanya kazi kama taa za barabarani: mitetemo ikiwa midogo endelea, ikifika kiwango fulani punguza, ikizidi simama. Karibu kila mradi wa jotoardhi ya kina hutumia mfumo huu, na mamlaka hupenda kuuona kwenye makaratasi. Udhaifu wake ulishaonekana Basel, Desemba 2006: wahandisi walisimamisha usukumaji maji baada ya mitetemo kuongezeka, na saa chache baadaye likaja tetemeko la 3.4 lililoua mradi. Shinikizo lililoingizwa kwenye mwamba halitoweki kwa kuzima swichi. Linaendelea kusambaa kwenye nyufa, na likikuta mpasuko mkubwa uliokwisha kubanwa na nguvu za asili, linaulegeza. Strasbourg ilirudia somo la Basel kwa kuchelewa kwa miezi badala ya saa.

Uamuzi wa tatu ni wa mamlaka, na hapa nawapa sifa. Baada ya Desemba 4 hawakusubiri ripoti. Wakasimamisha pia miradi mingine ya jotoardhi ya kina kuuzunguka mji, pamoja na ule wa kampuni nyingine kabisa kusini, Illkirch-Graffenstaden. Kwa kampuni hiyo ya pili ilikuwa adhabu ya kosa la jirani. Hata hivyo hakuna mamlaka ambayo ingeweza kuwaeleza wakazi kwamba kisima hiki ni kibaya na kile ni kizuri wakati kuta zao bado zinadondosha plasta.

Matokeo

Kamati ya wataalamu iliyoundwa na serikali ilihitimisha mwaka 2022 kwamba matetemeko yalitokana na shughuli za mradi. Visima havikupasha joto nyumba yoyote, na lithiamu haikuuzwa hata gramu.

Madai ya uharibifu yalihesabika kwa maelfu, mengine kutoka mji wa Kehl upande wa Ujerumani, ambako sheria, lugha ya fomu na kampuni za bima ni nyingine. Tuangalie hali ya mwenye nyumba mmoja wa kawaida upande wa Ufaransa. Ana ufa juu ya dirisha. Mfumo wa taifa wa bima ya majanga unalipia majanga ya asili. Hili limesababishwa na binadamu, kwa hiyo anaelekezwa kwa bima ya mwendeshaji. Mkadiriaji hasara anakuja na kuuliza ufa ulikuwapo lini. Nyumba ni ya zamani, na nyumba zote za zamani zina nyufa. Hana picha ya ukuta huo kabla ya tetemeko, kwani nani hupiga picha ukuta ulio mzima? Anaambiwa sehemu ya ufa ni ya zamani, sehemu ni mpya. Ubishi wa kitaalamu wa 2019 kuhusu kiini cha tetemeko umeshuka hadi kwenye ukuta wa sebule yake, na bado mzigo wa kuthibitisha uko kwake.

Gharama ya kuzuia hali hiyo ni ndogo ukilinganisha na kisima. Kukagua sampuli ya nyumba na kupiga picha zenye tarehe kabla ya usukumaji wa kwanza ni kazi ya mafundi wachache kwa wiki kadhaa.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Vipimo vya mitetemo vilifanya kazi. Mtandao wa vituo vya Alsace ni mzuri, na bila huo lile kundi la mitetemo kilomita 5 kusini lingebaki uvumi. Ni data hiyo iliyowawezesha watafiti baadaye kuonyesha kwamba matukio ya 2019 na ya 2020 ni ya mfumo mmoja wa mipasuko.

Teknolojia ya juu ya ardhi nayo haina lawama katika kisa hiki. Rittershoffen inaendelea kupeleka joto kiwandani, na imeshatumika kama uwanja wa majaribio ya kuchuja lithiamu. Huko wamejifunza mambo ya kikazi ambayo vipeperushi vya wawekezaji huyaruka. Maji lazima yabaki chini ya shinikizo la bari 20 hivi muda wote, la sivyo gesi ya kaboni dioksidi inatoka na kaboneti ya kalsiamu inaganda ndani ya mabomba. Yakipoa, salfati ya bariamu na madini ya risasi hujikusanya kwenye vibadilisha joto, na ukoko huo hubeba mionzi asilia kidogo, kwa hiyo hauwezi kukwanguliwa na kutupwa ovyo. Mtambo wa lithiamu lazima uishi ndani ya masharti hayo: unakaa baada ya kibadilisha joto na kabla ya kisima cha kurudishia, na hauna ruhusa ya kuyapunguza maji kwa kiasi cha maana wala kuyaharibu. Kila kinachobadilika hapo juu kinashuka na kuingia kwenye mwamba ule ule.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Wengi waliokiandikia kisa hiki wamelaumu kina, au kampuni. Mimi nadhani kasoro ya awali ilikuwa kuchanganya bidhaa tatu zenye masharti yanayopingana, kisha kuchagua mahali panapozipa zote nusu ya haki yake.

Joto halisafiri. Bomba la kilomita 15 la Beinheim linahesabika kuwa refu, na linalipa kwa sababu mteja ni kiwanda kinachotaka mvuke mchana na usiku, kiangazi na baridi. Mtandao wa kupasha nyumba una msimu: Julai hautaki kitu. Kwa hiyo kisima cha joto la mji hakina budi kukaa kando ya mji, yaani mahali ambapo tetemeko la 3.6 linakuta maelfu ya kuta. Lithiamu kwa upande wake hupakiwa kwenye lori. Haijali mji uko wapi. Inachohitaji ni maji mengi yanayotoka bila kusita mwaka mzima, na hayo yanapatikana kwa urahisi zaidi pale paa la graniti liko juu na limepasuka lenyewe, yaani kaskazini, mashambani. Umeme nao husafiri kwa waya.

Ukiweka zote tatu kwenye kisima kimoja, joto linakuvuta mjini, ambako graniti iko chini sana. Umeme unakuambia kwamba kama umeshashuka hivyo, ongeza kidogo upate nyuzi 200. Na lithiamu inakufanya usitake kupunguza mtiririko, kwani kila lita isiyopita ni pesa iliyobaki chini. Hakuna mtu mmoja aliyekaa akaamua kuchukua hatari kubwa. Hatari ilijengeka kwa maamuzi matatu ambayo kila moja peke yake lilikuwa na maana.

Huku kwetu uhusiano huo ulipangwa tofauti bila mtu kuufanya nadharia. Naivasha, mabanda ya maua ya Oserian yamepata joto la jotoardhi kwa miaka mingi kwa sababu shamba liko jirani na visima. Mtumiaji ndiye aliye kando ya kisima, si kisima kilichosogezwa kando ya mtumiaji. Ni kweli pia kwamba Naivasha hakuna mtandao wa mabomba uliozikwa chini ya mitaa ya mji wa karne nyingi, na mashamba ya maua yanahamishika kirahisi kuliko Strasbourg.

Kuna jambo la pili lililoshindikana, nalo ni la uhusiano na wakazi. Baada ya Novemba 2019 mwendeshaji alitetea msimamo kwamba umbali unamwondolea lawama. Kisayansi alikuwa na haki ya kuwa na shaka. Lakini shaka ilitangazwa kama uhakika, na ilipofika Desemba 2020 hakukuwa na mtu aliyebaki wa kumsikiliza, hata pale alipokuwa anasema kweli. Lilipotokea lile tetemeko la Juni 2021 bila pampu yoyote kufanya kazi, maelezo ya kitaalamu kuhusu shinikizo linalosambaa polepole yalikuwa sahihi na yalipokelewa kama kisingizio.

Mahali mambo yalipo

Hamu ya lithiamu ya bonde la Rhine haikufa na kisa hiki, ilihama. Miradi mipya inajikita kaskazini mwa Alsace na upande wa Ujerumani, Landau na Insheim, ambako mitambo ya jotoardhi ilikuwapo tayari na maji yake yanajulikana. Landau mtambo wa majaribio ulianza kutoa kloridi ya lithiamu mwaka 2024, na joto linakusudiwa kwa mji wenyewe, ambao ni mdogo.

Kwa anayepitia pendekezo la mradi wa aina hii, ningeanza na kurasa ambazo kwa kawaida huwekwa nyuma. Ramani ya mipasuko isiishie kilomita moja kutoka kisimani, kwani Strasbourg ilionyesha kwamba kilomita 5 si mbali. Mpango wa taa za barabarani ueleze kitakachofanyika katika miezi sita baada ya pampu kuzimwa, na nani atalipia vipimo wakati huo kampuni haina tena mapato. Hesabu ya fedha ionyeshwe bidhaa moja moja: je, joto peke yake linalipa kisima cha kina kifupi zaidi? Kama halilipi bila umeme na lithiamu, basi huo ni mradi wa lithiamu uliowekwa mjini, na unapaswa kuombewa kibali kwa jina hilo.

Na picha za kuta zipigwe kabla.